Mwache Alale

Kwanza kabisa, ondoeni kiti. Kama klabu au shule yenu imeweka kiti kando ya bwawa, kiwe cha plastiki au cha mbao, mpelekeeni mlinzi wa geti, atashukuru. Kocha wa kuogelea hakai chini watu wakiwa majini. Mimi nimefundisha kuogelea Bungoma na Kitale kwa miaka thelathini na moja, na karibu yote nilisimama, mpaka magoti yakaisha kama breki za baiskeli ya kukodi. Asubuhi niliyokaa ni moja tu, na asubuhi hiyo msichana wangu Nafula alikufa ndani ya maji, mimi nikiwa hatua chache kutoka kwake. Nitafika huko. Msinisukume, kwa sababu mimi mwenyewe sina haraka ya kufika.

Nawaandikia nyinyi mliopewa filimbi juzijuzi. Wengine wenu nimewafundisha mwenyewe, na najua ni nani alikuwa akijificha chooni siku za masafa marefu. Nasikia siku hizi mnaitwa "kochi" mkiwa na miaka ishirini na mitatu, mna simu zilizojaa video za mabingwa wa ng'ambo, na mazoezi ya kabla ya msimu mnayapanga kwa kompyuta. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kuhusu Nafula. Mnaniheshimu mno. Heshima ya namna hiyo haimsaidii mtu, kwa hiyo nitawaambia bila kuulizwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Ndiwa, Msabaoti wa Mlima Elgon aliyestaafu jeshini akapewa kazi ya kutunza bwawa la klabu moja ya zamani pale Kitale. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa michezo, mtoto wa Bungoma mjini, nimekulia nyumba za nyuma ya msikiti, na kuogelea nilijifunzia mtoni huku nikichapwa na mama kila nikirudi nimelowa. Nilifikiri najua. Sajini alinitazama nikivuka bwawa mara moja, akasema, "Wewe hauogelei, bana. Wewe unapigana na maji, na maji inashinda."

Yote ninayoyajua kuhusu mazoezi ya kabla ya msimu yalitoka kwake, na yale niliyoyaongeza mwenyewe ndiyo yaliyoniponza. Msimu wa mashindano kwetu unaanza shule zikifunguliwa, kwa hiyo kambi tulikuwa tukiipiga Kitale mwezi wa Desemba na Januari mwanzoni, wakati mahindi yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara na asubuhi ina baridi ya kukata masikio. Bwawa halina mashine ya kupasha maji moto. Mtoto anaingia anapiga yowe, na wewe kocha unavaa koti na kofia unamwambia ajikaze. Sajini alinifunza hivi: anayetetemeka yuko sawa, mwache aendelee kidogo, akiacha kutetemeka kabla hajatoka, mtoe upesi, mvue, mkaushe, mpe chai ya tangawizi. Uji wanywe saa nzima kabla ya kuingia, si dakika kumi kabla, labda kama unapenda kuchota uji wa watu kwa wavu. Mafuta ya mgando wapake shingoni na kwapani, si usoni, yataingia kwenye miwani na utawasikia wakilalamika wiki nzima.

Nje ya maji alikuwa na mbinu zake. Tulikata tyubu za baiskeli tukafunga kwenye nguzo za ua, watoto wakavuta kwa mikono yote miwili mpaka mabega yanalia. Halafu kila Jumamosi alikuwa akitupeleka kwenye shamba moja njia ya kwenda Endebess, tukavunje mahindi na kubeba magunia. "Hii ndiyo mazoezi ya bega," alisema. "Nairobi hawana." Kwa misimu mitatu tulivuna lile shamba kwa moyo mkunjufu, ndipo mke wake akaja siku moja kutuletea maziwa, akatushukuru kwa kuwa tunamsaidia mumewe kila mwaka. Kumbe shamba ni lake! Sajini hakuona haya hata kidogo. Aliuliza tu kama kuna ambaye bega lake halijapata nguvu.

Lakini kwenye maji hakuwa na mzaha. Alisimama. Alitembea kando ya bwawa juu na chini, midomo ikienda kama ya mtu anayesali, na nilidhani ni sala mpaka nikamwuliza. "Nahesabu vichwa," akasema. "Nikimaliza nahesabu tena. Watu kumi na mbili wakiingia, nataka kuona vichwa kumi na mbili vikipumua. Mgongo si kichwa. Matako si kichwa." Mimi nilicheka. Alifariki kabla ya kambi ninayotaka kuwaeleza, Mungu amrehemu, na nadhani angekuwa hai asingeniruhusu niifanye nilivyoifanya.

Sasa niwaambie kuhusu neno. Watoto wetu wa bara wakiingia majini mara ya kwanza wanakakamaa. Shingo inasimama, miguu inazama, mtu anakuwa kama mwiko kwenye sufuria ya ugali. Nilijaribu kusema "elea", hawakuelewa neno. Wengi wao Kiswahili ni lugha ya shuleni, na neno hilo hakuna anayelitumia nyumbani. Nilijaribu kwa Kiingereza, ikawa mbaya zaidi. Siku moja nikachoka nikamfokea mmoja, "Lala! Si unajua kulala? Lala kama kitandani!" Mtoto akaweka uso majini, akalegea, akaelea. Toka siku hiyo neno likawa letu. Lala maana yake ni uso chini, mikono mbele, mwili mzima umelegea, unapumzika juu ya maji. Kila mwisho wa mzunguko mgumu nilipiga filimbi nikasema "Lala!" na wote walilala hapo hapo walipo, hesabu kumi, kisha wakanyanyua vichwa. Ilikuwa inapendeza macho. Wazazi walikuwa wakipiga picha. Watoto wenyewe walilitumia kwa kila kitu: nimelala, hajalala, kochi tulale kidogo. Wale wa Bungoma, ambao l ulimini mwao hugeuka r, walisema "kurara", wa Kitale wakawacheka, na maisha yakaendelea.

Nilijivunia neno hilo. Nataka mlijue hilo pia.

Nafula alitoka Ndalu, kwenye nyumba ya mama mjane anayelima mahindi na maharagwe. Alikuwa akisoma shule ya bweni Bungoma, shule ambayo ilikuwa ikituletea wasichana siku za Jumatano kwenye bwawa dogo la hoteli. Mwanzoni hakujua hata kulowesha uso. Alikuwa mrefu, miguu mirefu, mikono mirefu, na alikuwa na tabia ya kuuliza. Ukimwambia fanya, anauliza kwa nini, si kwa ujeuri, anataka tu kujua. Baada ya miaka miwili alikuwa akiwapita wasichana wote niliowahi kufundisha. "Kochi," aliniambia mara moja akiwa ameshika ukuta, "mimi hapa naweza rara mpaka kesho." Alikuwa na dada mmoja mkubwa, Roda, ambaye alikuwa amejiunga na chuo Kibabii, na Nafula naye alitaka kumfuata kwa mlango wa michezo. Mlango huo ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyemwambia uko wazi.

Msimu uliotangulia tulikuwa tumeshindwa vibaya. Wasichana wa mji mkubwa walikuwa wakijisukuma kutoka ukutani, wanazama, wanapiga miguu chini kwa chini, na wanaibuka karibu katikati ya bwawa, ilhali wasichana wangu walikuwa wanaibuka mapema kama chura aliyekanyagwa. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikatafuta video, nikaona kocha mmoja wa mbali akiwafundisha watu kubana pumzi, urefu mmoja wa bwawa bila kupumua, kisha mmoja na nusu, kisha mara mbili. Kabla ya kuzama aliwaambia wapumue haraka haraka, mara ishirini hivi, kama mbwa aliyekimbia. Sikuuliza daktari. Sikumwuliza mtu yeyote. Niliandika kwenye daftari la kambi: pumzi, kila asubuhi.

Nyinyi mnaojua mtaniambia. Wasiojua wasikie kutoka kwangu, maana nilijifunza nikiwa nimechelewa. Kile kinachokufanya utake kuvuta pumzi si kukosa hewa safi. Ni kujaa kwa hewa chafu. Ukipumua haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama, unaitoa ile chafu yote, na hewa safi huongezi ya maana. Basi unaogelea huku mwili hauna cha kukuonya, hewa safi inakwisha, na wewe husikii kitu. Wengine wanasema wanajisikia vizuri kabisa. Halafu taa inazimika. Hakuna kupigapiga mikono, hakuna kuita. Mtu anazimia kimya, uso chini, mwili umelegea.

Mnaona sasa kwa nini nimewaeleza habari ya neno.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya mwisho ya kambi. Goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu Jumanne, na mtu mmoja wa klabu, kwa wema tu, akaniletea kiti cha plastiki. Nikakaa. Walikuwa watu kumi na mmoja majini. Niliwapa zoezi la pumzi, wapumue haraka haraka kisha waogelee urefu wa bwawa mara mbili bila kupumua, nikawaambia kila mmoja akimaliza alale mwenyewe apumzike, wasingoje filimbi. Nikaweka fomu za mashindano mapajani nikaanza kujaza majina. Jina la Nafula nililiandika kwenye mashindano manne. Nakumbuka kalamu ilikuwa haiandiki vizuri kwa ajili ya baridi, nikawa naisugua viganjani.

Chebet, msichana wa Kitale aliyekuwa akiogelea mstari wa pili, alifika ukutani akavua miwani akasema, "Kochi, Nafula amelala."

Sikuinua macho. Nikasema, "Mwache alale. Amefanya kazi."

Chebet alikuwa mtoto mtiifu. Akavaa miwani akaendelea na zoezi lake, alienda akarudi. Aliporudi akasema tena, sauti imebadilika kidogo, "Kochi, si bado amelala." Ndipo nikainua kichwa nikamwona. Alikuwa amelala vizuri kuliko siku zote. Mikono mbele, shingo imelegea, nywele zimetulia kabisa. Hata wakati huo, Mungu ni shahidi wangu, kitu cha kwanza kilichonijia akilini kilikuwa sifa: huyu ndiye anajua kulala. Halafu nikaona hakuna mapovu.

Sitawaeleza yaliyofuata kwa urefu. Niliruka na koti langu. Tulimtoa, nilimkandamiza kifua, nilimpulizia, nilifanya yote ambayo Sajini alinifunza na ambayo sikuwa nimeyarudia kwa miaka mingi. Hilo nalo liandikeni: mtu anayeyafanya mara moja kwa miaka kumi anayafanya vibaya. Watoto walisimama kwenye majani wakitetemeka na taulo, na Chebet akawa anasema neno moja tu, "Nilikuambia, nilikuambia, nilikuambia." Tulimpeleka hospitali kwa gari la klabu. Walimpokea, wakajitahidi, kisha daktari kijana akatoka akaniuliza kama mimi ndiye baba.

Sasa nakuja kwenye kosa la pili, na kama mna subira ya kosa moja tu, basi shikeni hili. La kwanza lilikuwa la ujinga. La pili nilifanya nikijua.

Jioni ile mwanakamati mmoja wa klabu alinikalisha ofisini. Alikuwa na karatasi ya ripoti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu, kama mimi. Akauliza, "Huyu msichana, si alikuwa na kifafa? Maana mtu hodari wa kuogelea hivyo hawezi kuzama tu hivi hivi."

Nikaitazama ile karatasi. Akangoja. Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja tena. Akaliandika vizuri zaidi ya nilivyolisema, kwamba kocha anathibitisha huenda marehemu alikuwa na historia ya kifafa, na mimi nikatia sahihi chini. Hakuna aliyeuliza zaidi. Watoto hawakuhojiwa. Nilienda Ndalu kwenye mazishi nikasimama mbele ya umati nikamsifu Nafula kwa nidhamu yake, na mama yake akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Asante mwarimu, wewe ulimupenda." Nikarudi Bungoma. Zoezi la pumzi nililifuta kimya kimya, neno "lala" nikaliacha, nikafundisha misimu miwili mingine nikiwa nimesimama. Watu walisema nimekuwa mkali. Kisha nikastaafu kwa sababu ya magoti, ndivyo nilivyosema.

Mnaweza kudhani uongo wa namna hiyo unakaa kwenye faili na kufa huko. Mwaka jana, mwezi wa nane, Mama Nafula alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba maharagwe kwenye mfuko wa nailoni, zawadi. Mke wangu akamkaribisha chai. Alizungumza habari za mvua, za mahindi, za barabara, na mimi nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu hatoki Ndalu mpaka Bungoma kuzungumzia mvua.

"Mwarimu," akasema mwishowe, "Roda amepata mtu. Kijana mzuri, wa kanisa. Rakini wazee wa kwao wamekuja kuuliza habari ya ukoo. Wakasikia mambo ya kifafa, ile iko kwa karatasi ya klabu. Sasa wamekataa, wanasema hiyo kitu inatembea kwa damu."

Nyinyi wa kwetu mnajua. Kabla ya ndoa upande wa mvulana hutuma watu kupeleleza: kuna uchawi kwenye hiyo nyumba? kuna kichaa? kuna kifafa? Wakipata kimoja, shughuli imekwisha, na msichana anayefuata, na yule wa baada yake, wote wanahesabiwa na nyumba ile.

"Mimi sijawahi kuona Nafula ameanguka," akaendelea. "Tangu azariwe. Nikasema labda iko kwa upande ya baba yake. Nimegombana na dada za huyo baba wote. Hatuongei mpaka wa leo, wanasema mimi nasingizia maiti. Sasa nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu wewe ulikaa naye. Ulimuona siku gani akianguka?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Yeye pia hakuwa anajua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na bado nawaambia ukweli, ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta tarehe ya kubuni. Nikaumeza. Nikamwambia, "Mama, siwezi kusema hapa. Kesho twende Kitale."

Tulienda asubuhi. Mlinzi wa geti aliniamkia, akatufungulia. Hakukuwa na mtu majini, ni siku ya kazi. Mama Nafula hakuwa amewahi kuona bwawa la kuogelea. Alikuwa amemzika mtoto aliyekufa ndani ya kitu asichokijua umbo lake, na sisi sote tuliokuja mazishini hatukufikiria hilo. Alisimama akaliangalia, buluu vile, majani yameelea pembeni.

Nikamweleza. Nilisimama, sikuegemea kitu. Nilianza na video, nikaja kwenye kupumua kama mbwa, nikaja kwenye neno lala na maana yake, nikaja kwenye kiti, fomu, kalamu. Nikamwambia alichosema Chebet na nilichojibu mimi, kama nilivyowaambia nyinyi, bila kupunguza. Nikamwambia alisema mara mbili. Nikamwambia kifafa hakukuwa, kilikuwa neno langu ofisini. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha.

Akavua viatu akaviweka pamoja. Akashuka ngazi za bwawa na gauni lake na leso yake kichwani, polepole, akishika chuma. Nilimfuata kwa hofu, nikashuka nami na suruali yangu. Akatembea ndani ya maji, akinyanyua mikono kama mtu anayevuka mto, mpaka mahali pale nilipoonyesha kidole. Akasimama. Maji yalimfikia kifuani.

Akatazama kifua chake, akanitazama mimi.

"Nafula alikuwa ananipita," akasema. "Mimi nilikuwa nafika hapa kwake." Akagusa sikio lake. "Si angesimama tu, mwarimu?"

Nikajaribu kumweleza habari ya kuzimia, kwamba aliyezimia hajui kwamba anatakiwa asimame. Alikuwa akinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Hakulia. Alibaki pale muda, akipitisha mkono juu ya maji mara moja moja, kama anafuta vumbi mezani. Kisha akatoka, akakamua gauni, akavaa viatu. Tulipofika getini akasema, "Jumamosi ijayo nitaita wale wazee. Utakuja useme vire umesema hapa. Usipunguze." Sikumwomba msamaha siku ile. Nilikuwa nimeuandaa usiku kucha, lakini niliona nikiutoa nitakuwa namwongezea kazi nyingine ya kufanya.

Jumamosi nikafika Ndalu mapema. Mama Nafula alikuja kunipokea na jogoo mkononi na kisu. "Karibu utuchinjie, mwarimu, ndio na wewe ukule," akasema, maana kwao mgeni Mwislamu akija ndiye anayechinja. Hakuwa na tabasamu, wala hakuwa na chuki. Ni adabu ya nyumba. Nikachinja.

Wageni walikuwa wazee watano na mama mmoja. Msemaji wao alikuwa mzee mnene mwenye kofia, mcheshi, mtu wa kukata maneno. Roda alikaa pembeni na mkono shavuni, uso wake ni ule ule wa mdogo wake, ikanibidi niangalie ukuta. Nikasimama nikasema yote. Sikupunguza.

Nilitegemea nini? Nilitegemea kufukuzwa. Nilitegemea mmoja wao anyanyuke anipige, na nadhani nilikuwa nalitamani hilo. Nilipomaliza hakuna aliyenyanyuka. Yule mzee wa kofia akawageukia wenzake, wakanong'onezana Kibukusu, kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo kifafa hakuna," akasema.

"Hakuna."

"Hata kwa baba?"

"Ile karatasi ilikuwa uongo wangu, mzee."

Akashusha pumzi kwa nguvu, akavua kofia, akajipangusa kipara. "Basi si hakuna kitu!" akawaambia wote, uso umechangamka. "Ni mwalimu tu. Sisi tulikuwa tunaogopa damu, kumbe ni mwalimu!" Wazee wakacheka, cheko la watu waliotuliwa mzigo. Yule mama waliyekuja naye akapiga kigelegele kifupi. Roda akafunika uso. Na mzee yule akaja akanipa mkono, akautikisa sana, akasema nimefanya kazi kubwa, nimeokoa nyumba mbili.

Chakula kikaletwa. Mama Nafula akapita na jagi na beseni akitunawisha mikono mmoja mmoja, na alipofika kwangu akanimwagia kama alivyowamwagia wengine. Ugali ukafunuliwa, kuku akafunuliwa. Nyinyi mnajua firigisi ya kuku kwetu anapewa nani: mwanamume mwenye heshima kuliko wote mezani. Mwenye nyumba alikuwa hayupo tena, kwa hiyo ilikuwa ya mzee wa kofia kwa haki. Akaichukua kwa vidole, akainyanyua watu waione, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hii ni ya mwalimu," akasema. "Ametuletea habari njema."

Nikamtazama Mama Nafula. Alikuwa amesimama na beseni la maji machafu. Kuikataa firigisi ni kuitukana nyumba, na nyumba ilikuwa yake.

"Kula, mwarimu," akasema.

Nikaila. Ilikuwa ngumu, nikatafuna muda mrefu, na wao wakaanza kupanga mwezi wa harusi, kwaya gani iimbe, nani apike. Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka, tukaagana vizuri kwa mikono. Hakuna aliyelitaja jina la Nafula tena mchana ule wote, na mimi pia sikulitaja.